Mwongozo: kufundisha ufundi wa jukwaa sekondari ukiwa na bwalo, mbao saba na taa za dagaa

Walimu wenzangu wa maigizo, hii nimeiandika nikiwa hapa Kigoma lakini naamini hata aliyeko Tabora, Kasulu au Urambo itamfaa, manake mabwalo yetu yanafanana na shida zetu zinafanana. Karibu kila shule niliyopita ina kilabu ya maigizo, na karibu kila kilabu inafundisha kitu kimoja tu, kuigiza. Wanakuja watoto arobaini, nafasi za kuigiza ziko tisa, waliobaki wanakaa kwenye madawati wanatazama wenzao, wiki ya tatu huwaoni tena. Alafu siku ya mahafali nani anapigilia misumari? Mwalimu. Nani anakimbia kuwasha taa, nani anashika simu ya muziki? Mwalimu huyohuyo, jasho linamtoka, na wale watoto thelathini waliokuwa na mikono mizuri kabisa wako nje wanachungulia dirishani.

Mi lengo langu ni moja na kila hatua hapa chini inaelekea huko: siku ya onesho mwalimu akae kwenye kiti kama mtazamaji, mikono yake mitupu, na onesho liendeshwe na wanafunzi kuanzia taa ya kwanza mpaka pazia la mwisho. Ukishaamua hivo utaona hata namna ya kufundisha inabadilika, kwasababu huwezi tena kumwambia mtoto "shika hapa nikuoneshe" alafu ukamalizia mwenyewe.

Muda unaotosha ni wiki 12, yaani muhula mmoja, Jumamosi masaa mawili na siku moja katikati ya wiki baada ya vipindi. Watoto 20 ni idadi nzuri. Kidato cha nne usiwaguse, wana mtihani Novemba, chukua cha pili na cha tatu, hao mwaka kesho watakuwa walimu wa wadogo zao.

Hatua ya 1: Tarehe kwanza, na uitafute angani

Tarehe ya onesho ipangwe siku ya kwanza kabisa na ibandikwe ukutani. Hapa kwetu naipanga kwa kuangalia mwezi, na nitaeleza sababu. Dagaa wa Tanganyika anavuliwa usiku kwa taa, taa ndo inamvuta juu, sasa mwezi ukiwa mpevu maji yote yanang'aa na taa ya mvuvi haina nguvu tena, kwahiyo zile siku kadhaa mitumbwi inakaa nchi kavu, watu wanashona nyavu na kupumzika. Taa zao zimelala ndani. Zamani zilikuwa karabai za mafuta, siku hizi wengi wamehamia taa za LED zinazotumia betri, na hizo ndo tunazozitaka, manake zinawaka bila kutegemea umeme wa ukutani na volti 12 ni salama zaidi mikononi mwa mtoto. Nilienda Kibirizi, kwa wavuvi, kwa mzee mmoja, nikamwamkia, nikamweleza, akasema, "Mwalimu, mbalamwezi hii taa za kazi gani? Chukueni, ila mnirudishie kabla ya giza." Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti taa zilikuwa nje ya kazi miezi mitatu mizima.

Angalia kalenda ya Kiislamu, tarehe 14 au 15 ndo mwezi unakuwa mpevu. Isipokuwa ukikuta ni Ramadhani usipange, nusu ya Ujiji watakuwa kwenye tarawehe. Na faida nyingine ya mbalamwezi ni kwamba wazazi wanarudi nyumbani njia inaonekana. Wa Tabora hamna ziwa, nyie mtaongea na wenye taa za sola na mafundi wa kumbi za harusi, wanakuwa na nafasi katikati ya wiki.

Hatua ya 2: Gawa watoto kwa idara, lakini kwanza wazungushe

Idara ni tano: mandhari (waseremala na wapaka rangi), taa, sauti, maleba (mavazi ya waigizaji) na zana (vitu wanavyoshika), na umeneja wa jukwaa. Wiki nne za mwanzo kila kundi linapita kila idara siku moja moja, baada ya hapo mtoto anachagua anapobaki. Usimchagulie. Nimewahi kuwa na binti mkimya sana, darasani hanyooshi mkono, siku aliposhika msumeno nikaona mtu mwingine kabisa, akaja kuwa mkuu wa mandhari na wavulana warefu kumpita wanamuuliza yeye wakate wapi. Na tafadhali jamani, idara za ufundi zisiwe mahali pa kutupa walioshindwa kuigiza. Ukisema "wewe huwezi kuigiza nenda kwenye taa" umeshaiua idara ya taa, kila atakayeenda huko atajiona amefeli. Tangaza nafasi za ufundi kabla ya kutangaza za uigizaji, utaona tofauti.

Kila mtoto awe na daftari la kazi: michoro, vipimo, nini kiliharibika na walirekebishaje. Ukitaka kumpa alama, mwambie amfundishe mwenzake wa idara nyingine kitu kimoja na wewe simama pembeni usikilize. Anayejua utamjua.

Hatua ya 3: Usalama kabla hawajashika kitu chochote

Hapa sina mzaha. Somo la kwanza nawasimulia moto wa ukumbi wa Iroquois kule Chicago, tarehe 30 Desemba 1903. Ukumbi ulikuwa mpya, umejaa akina mama na watoto mchana wa likizo, taa moja ya jukwaani ikatoa cheche zikashika pazia, na watu zaidi ya 600 walikufa, wengi kwasababu milango haikufunguka au hawakuijua ilipo. Alafu natulia, nawaambia waangalie bwalo letu: milango iko mingapi, inafunguka kwa ndani au kwa nje, na ule wa pembeni mbona kuna magunia ya mahindi? Wanaenda kuyahamisha wenyewe.

Sheria zinazobaki ni chache na hazina msamaha. Viatu vya kufunika vidole, sio kandambili. Hakuna kupanda kiti kilichowekwa juu ya meza, ngazi ina mtu mmoja juu na mmoja chini ameishika. Ndoo mbili za mchanga mkavu nyuma ya jukwaa pamoja na mtungi wa kuzimia moto wa shule ambao uwe umekaguliwa, na maji hayamwagwi kwenye umeme kamwe. Waya za ukutani, swichi na soketi anagusa fundi umeme mwenye leseni peke yake, mwanafunzi kazi yake inaanzia kwenye plagi.

Hatua ya 4: Ramani ya jukwaa

Chukua tepu mpime bwalo lote, alafu wachore kwa kipimo cha 1:50, yaani sentimita 2 kwenye karatasi ni mita 1 sakafuni. Mwalimu wa hesabu atafurahi. Baada ya ramani watengeneze bwalo dogo la boksi, na vijiti vya kiberiti viwe waigizaji. Mlichokubaliana kwenye boksi mkichore sakafuni kwa chaki.

Wafundishe pande mapema: kulia ni kulia kwa mwigizaji akiwa ameangalia watazamaji, sio kulia kwako wewe uliyekaa. Msipokubaliana hilo siku ya kwanza mtabishana muhula mzima. Alafu mtoto mmoja akakae kiti cha mbele pembeni kabisa kushoto, mwingine kulia, waseme wanaona nini. Asichokiona aliyekaa pembeni hakijawekwa mahali pake.

Hatua ya 5: Kutengeneza paneli

Hii ndo hatua wanayoipenda na nakaa nayo wiki tatu. Paneli ni fremu ya mbao iliyovalishwa kitambaa, ikipakwa rangi inakuwa ukuta wa nyumba, duka, msitu, chochote. Ukubwa mzuri ni futi 4 kwa 8.

Mbao tumia paini ya 2 kwa 2, zile za dari, urefu futi 12. Mninga tunao huku na ni mbao nzuri mno lakini mwachie fundi wa vitanda, hapa tunataka kitu watoto wawili wanakibeba gizani bila kuhema. Sasa hesabu: vipande vya juu na chini vinakuwa na futi 4 kamili, vya kusimama vinakaa katikati yao, kwahiyo unatoa inchi 2 za juu na 2 za chini, vinabaki futi 7 na inchi 8. Cha katikati kinachozuia fremu isicheze kinakaa kati ya vya kusimama, futi 3 na inchi 8. Kwanini vya juu na chini ndo viwe virefu? Kwasababu paneli inaburutwa, na ukiiburuta huku kipande cha kusimama kimegusa sakafu kitapasuka ncha.

Alafu waulize swali: kutoka ubao mmoja wa futi 12 unapataje vipande bila kutupa mbao? Waache wahangaike. Jibu ni kwamba ubao mmoja unatoa cha kusimama kimoja na cha juu kimoja, jumla futi 11 na inchi 8, hivo kila fremu inakula mbao mbili, na ubao mmoja wa ziada unatoa vipande vya katikati vitatu. Mbao 7, fremu 3. Siku watoto walipoipata wenyewe hiyo hesabu walishangilia kama wamefunga goli. Ila kabla ya kukata wapime unene halisi wa ubao, manake 2 kwa 2 ya dukani mara nyingi haifiki inchi 2 kamili, na hesabu yote inabadilika.

Pembe zote nne zifungwe na vipande vya plaiwudi vya pembetatu, gundi ya mbao na skrubu au misumari mifupi. Kabla ya kukaza pima kona hadi kona, zote mbili lazima zilingane, kwa fremu ya futi 4 kwa 8 inakuja kama futi 8 na inchi 11 na kidogo. Zikitofautiana fremu imelala upande, isukume mpaka zilingane.

Kitambaa ni amerikani. Hapa huwa nawasimulia kidogo, kwamba kitambaa hiki kilipewa jina kwasababu kilitoka Marekani, na karne ya 19 misafara ilikibeba kutoka pwani kupitia Tabora mpaka Ujiji, kilikuwa kama hela, unalipia chakula kwa mikono ya kitambaa. Leo kinarudi jukwaani. Anza kukigonga katikati ya kila upande uende pembeni, na usikivute mpaka kiwe kama ngoma, kiache kilegee kidogo. Alafu paka rangi ya maji iliyozimuliwa, kikikauka kitajivuta chenyewe na kukaza. Ukikivuta sana mwanzoni kitaipinda fremu, nimeshaona.

Rangi ya ukuta isiwe nyeupe. Weupe nyuma ya mwigizaji unamfanya uso wake uonekane mweusi tu bila macho wala mdomo, na ukipiga picha ndo kabisa. Rangi za udongo, kijani iliyofifia, bluu ya jioni, hizo zinaubeba uso wa mtu wetu vizuri. Rangi moja kamili pia inaonekana bapa, kwahiyo juu yake wagonge rangi ya pili iliyokoza kidogo kwa sponji au kitambaa kilichokunjwa, ukikaa mita 10 unaona ukuta wa kweli.

Kusimamisha sasa. Shule moja niliyofundisha, paneli ilimwangukia mwigizaji katikati ya onesho kwasababu tuliiegemeza tu kwenye meza. Hakuumia, kitambaa na paini havina uzito, lakini nilikosa usingizi. Tangu hapo kila paneli inayosimama peke yake ina mguu wa pembetatu nyuma na mfuko wa mchanga wa kilo 10 juu ya mguu. Njia rahisi zaidi ni kuunga paneli mbili kwa bawaba zifunguke kama kitabu, zikikaa kwa pembe zinajisimamia zenyewe, na mfuko wa mchanga weka vilevile.

Hatua ya 6: Mafundo

Muombe mvuvi aje shuleni saa moja tu. Inasimuliwa kwamba kwenye kumbi za zamani za Ulaya waliokuwa wakivuta kamba za mapazia walikuwa mabaharia, wanapeana ishara kwa mluzi, ndo maana kule mpaka leo ni mwiko kupiga mluzi jukwaani. Sisi mabaharia tunao hapahapa. Mafundo mawili yanatosha: la kufungia kamba kwenye bomba, unazungusha kamba, inavuka juu yake yenyewe, unazungusha tena, ncha inapita chini ya ule msalaba uliotokea, na kitanzi kisichokaza hata ukining'iniza mzigo, ambacho wavuvi wanakifunga macho yamefumba. Mtoto afunge kila fundo mara ishirini, mara tano za mwisho mikono ikiwa nyuma ya mgongo, kwasababu siku ya onesho kutakuwa na giza.

Hatua ya 7: Taa

Mwanzo kabisa ingia na watoto ndani usiku, washa tochi moja. Weka chini ya kidevu cha mmoja, wataona zimwi. Weka juu ya kichwa, macho yanapotea yanakuwa mashimo. Weka usawa wa uso mbele, uso unakuwa bapa kama picha ya paspoti. Sasa ipandishe mbele na pembeni, nusu njia kati ya usawa wa uso na utosi, hapo pua inatoa kivuli kidogo, mashavu yanaonekana, mtu amekuwa mtu. Dakika kumi hizo zinafundisha kuliko nilivyowahi kueleza ubaoni.

Ile nusu njia ndo nyuzi 45. Stanley McCandless, aliyefundisha taa za jukwaa chuo cha Yale kule Marekani, ndiye aliyeipanga hii kuwa kanuni kwenye miaka ya 1930: ligawe jukwaa maeneo, kila eneo lipate taa mbili za mbele, moja kutoka kushoto moja kutoka kulia, zote kwa nyuzi 45, na moja iwe na rangi ya joto nyingine ya ubaridi. Kwa bwalo letu maeneo sita yanatosha, mbele matatu nyuma matatu, yaani taa 12. Ukiwa nazo sita, washa maeneo matatu na ukubali kwamba waigizaji wasogee kwenye mwanga.

Kujua taa ikae wapi ni hesabu nyepesi: ikiwa imening'inia mita 3 juu ya usawa wa uso, iwe mita 3 mbele ya mwigizaji. Mabwalo mengi boriti ziko chini, labda mita 1 na nusu tu juu ya uso, basi taa isogee mita 1 na nusu. Kila taa iliyo juu ya vichwa vya watu iwe na kamba au mnyororo wa pili wa akiba, hata kama fundo la kwanza limefungwa na mvuvi mwenyewe.

Kwa taa za umeme wa ukutani wafundishe kujumlisha wati. Umeme wetu ni volti 230, plagi yenye fyuzi ya ampea 13 inabeba kama wati 2,990 basi, na huo ni mwisho sio lengo. Taa sita za LED za wati 50 ni 300, hapo umekaa vizuri. Halojeni za zamani za wati 500, ukichomeka tano kwenye ekstensheni moja umefika 2,500, mtu akija kuchomeka birika la chai hapohapo umepata tatizo. Na ekstensheni ya kuviringisha lazima ifunguliwe yote, ikibaki imeviringwa huku inabeba mzigo mkubwa inapata moto ndani mpaka plastiki inayeyuka. Ukishika waya ukausikia una joto, zima kwanza, uliza baadae.

Betri za wavuvi nazo sio za kuchezea, volti 12 hazikurushi lakini nyaya mbili zikigusana zinachoma, kwahiyo fyuzi iwepo na vituo vya betri vifunikwe.

Rangi ya mwanga tunatumia nailoni ya kufungia maua na zawadi, ikae mbali na kioo cha taa, na kwenye halojeni usiiweke kabisa itashika moto. Kufifisha taa za LED hizi za kawaida haiwezekani kwa swichi, basi tunatengeneza vifuniko vya boksi gumu lenye bawaba ya gundi, mtoto anakifunga taratibu kwa kamba, mwanga unaondoka kama jua linazama Ujiji. Zipo hadithi za kufifisha taa kwa ndoo ya maji ya chumvi, ukisikia mtoto anaitaja mkataze siku hiyohiyo, huo ni umeme wazi.

Na maleba yapimwe chini ya taa mapema. Huku tuna vitenge vya kila namna, sasa kitenge chekundu ukikipiga mwanga wa kijani au bluu kinageuka cheusi, mama aliyekuja harusini anaonekana amekuja msibani.

Hatua ya 8: Sauti

Kifupi. Spika zikae mbele ya maiki, sio nyuma yake, ndo utaponya ile kelele ya maiki kulia. Kwenye bwalo la watu 200 mtoto aliyefundishwa kutoa sauti hahitaji maiki, sauti ya mtambo iwe ya muziki na milio. Simu ya kupigia muziki iwekwe kwenye hali ya ndege, mshangao wa simu kuita katikati ya kifo cha mfalme hausahauliki.

Milio ya kutengeneza kwa mkono naipenda kuliko ya kupakua kwasababu mtoto anaisikia na kuiongoza. Bati jembamba linaloning'inia ukilitikisa ni radi. Kayamba ni mvua. Ungo wenye maharage ya Kigoma, ukiuinamisha taratibu huku na huku, ni mawimbi ya ziwa usiku. Vifuu viwili vya nazi ni farasi.

Hatua ya 9: Meza ya zana

Meza moja kila upande wa jukwaa, imefunikwa karatasi, kila kitu kimechorewa umbo lake na jina la anayekitumia. Kibuyu kisipokuwa juu ya mchoro wake unajua dakika hiyohiyo kimepotea. Zana sio ya kuchezea, asiyeitumia haigusi. Imeisha.

Hatua ya 10: Kitabu cha kyu na kuita

Hapa ndo moyo wa kazi yote. Meneja wa jukwaa ni mwanafunzi mmoja mwenye nakala ya tamthiliya iliyobandikwa kwenye daftari kubwa, ukurasa wa kulia maneno, wa kushoto mtupu. Upande mtupu anaandika kila badiliko, ndo tunaita kyu: taa, sauti, pazia, kwa namba na kwa rangi ya kalamu, na mstari mwembamba unaokwenda mpaka kwenye neno lenyewe linapotokea. Aandike kwa penseli, kyu zitahama mpaka dakika ya mwisho.

Kuita kunakwenda hivi. Kama nusu ukurasa kabla anasema, "Taa 7, kaa tayari." Wa taa anajibu, "Taa tayari." Neno likifika anasema, "Taa 7... PIGA." Kwenye PIGA ndo mkono unasogea, sio kwenye namba, sio kwenye kuhisi. Na kwasababu "piga" kwetu ni neno la kila saa, wakati wa kuita hakuna anayeruhusiwa kulitamka. Msumari unagongwa. Picha inachukuliwa. Wanalizoea ndani ya wiki moja na wanakosoana wenyewe.

Vipokea sauti vya kichwani hatuna, kwahiyo kwa waliokaa mbali tunatumia tochi ndogo yenye nailoni nyekundu: ikiwaka kaa tayari, ikizimika piga. Kumbi kubwa duniani nazo zina taa za kyu za aina hiyo, kwahiyo mtoto anajifunza kitu halisi.

Meneja wa jukwaa akishaanza kuita, yeye ndo mkubwa. Mkuu wa shule akitaka kupita nyuma ya jukwaa anaombwa asubiri, na wewe mwalimu ukimwona mtoto anamwambia hivo mkuu kwa adabu, muunge mkono hapohapo mbele ya watu. Umtafute mkuu wiki moja kabla umweleze, ataelewa.

Hatua ya 11: Mazoezi ya kiufundi

Kwanza mezani bila waigizaji, meneja anasoma na kila idara inajibu, ndani ya saa moja mtagundua kyu tatu zinazogongana. Alafu jukwaani, mnaruka maneno mnaenda kyu hadi kyu, mkikosea mnarudia hiyohiyo mpaka itoke mara mbili mfululizo. Waigizaji watachoka na kulalamika, waambie hii siku sio yao. Alafu onesho zima mara mbili.

Kwenye moja ya hayo mawili, zima swichi kuu bila kumwambia mtu. Umeme kukatika sio ajali huku kwetu, ni jambo la kufanyia mazoezi. Waigizaji wasimame walipo, wa taa ahamie betri, wa ungo na kayamba aendelee, meneja ahesabu mpaka kumi na aite upya. Mara ya kwanza walipiga kelele dakika tatu. Mara ya pili sekunde kumi na tano tu bwalo likawa na mwanga tena na yule aliyekuwa na kauli akaendelea nayo.

Hatua ya 12: Siku yenyewe

Masaa mawili kabla ya onesho, meneja anakagua orodha: milango, mchanga, mifuko ya paneli, betri, meza za zana. Wewe unaweza kukagua naye mara moja. Milango ya watazamaji ikifunguliwa, nenda kakae. Safu ya tano au ya sita, katikati. Taa ikichelewa usiinuke. Paneli ikitikisika usiinuke, mfuko wa mchanga upo. Mi mwaka wa kwanza nilishika kiti kwa mikono yote miwili, na kyu ya 4 ilichelewa kabisa, giza la sekunde nane, alafu nikaiona ile tochi nyekundu upande wa kulia inawaka, inazimika, na alfajiri ikafunguka juu ya paneli ya bluu. Yule binti mkimya ndo alikuwa ameipaka ile bluu.

Mtoto atakayekwambia anataka kuendelea na hii kazi, mwambie kuhusu Bagamoyo, Chuo cha Sanaa kilichoanza 1981 ambacho sasa kinaitwa TaSUBa, yaani Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo.

Usiku huohuo msivunje jukwaa, watoto wamechoka na waliochoka wanakanyaga misumari. Asubuhi yake ndo mnavunja: misumari ing'olewe yote na ihesabiwe, amerikani ibaki kwenye fremu ipakwe rangi mpya mwaka kesho, kamba zikunjwe, mchanga urudi. Taa za wavuvi zifutwe kioo, betri zichajiwe zijae, na wanafunzi wa idara ya taa wazipeleke Kibirizi wao wenyewe wamsalimie mzee na kumshukuru, na zifike mapema, manake mwezi ukishaanza kuchelewa kutoka, wenye taa wanarudi majini.